Mmh Moja ya Lamond Tingey

Lamond Tingey alilivunja bwawa la biva Jumanne moja ya Julai, saa nne asubuhi, akiwa na akili timamu, mayai matatu tumboni na dhamiri safi kabisa. Hiyo dhamiri safi ndiyo iliyokuja kumkosesha raha. Mtu akifanya baya kwa kunyatanyata, anajua pa kuanzia kutubu. Yeye alipanda kule juu akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Sababu ilikuwa maji. Zamu yake ya kumwagilia ilianza alfajiri, na mfereji ulikuwa umemletea maji ya kumlowesha kuku kifundo cha mguu. Luseni yake, chakula cha ng'ombe cha majira yote ya baridi, ilikuwa imeanza kugeuka ile rangi ya kijivu inayovaliwa na majani yaliyokata tamaa.

Sasa, katika bonde la Pettibone maji yakipungua kwenye mfereji wako hujiulizi yamekwenda wapi. Unajiuliza nani yuko juu yako. Mafunzo hayo mtoto huyapata akiwa bado ananyonya. Babu wa Lamond alichimba mfereji ule kwa farasi wawili mwaka 1886, wakati majirani hawajawa na hata koleo, na kwa sheria za Idaho aliyetangulia kuchimba ndiye anayetangulia kunywa. Basi Lamond akainua macho akatazama juu ya kijito, kwenye malisho ya ushirika wa wafugaji, na kule hakuona mwizi mwingine ila biva.

Ukimwona biva kwa mara ya kwanza utacheka. Ni kama panya aliyesahau kuacha kukua mpaka akafika kimo cha mbwa, ana meno ya rangi ya chungwa na mkia kama mwiko wa kusongea ugali. Kazi anayoijua ni moja tu: kuangusha miti na kuziba maji. Baba yake Lamond aliyalipua mabwawa yao kwa baruti kila masika, na Lamond mwenyewe ujanani aliwatega mpaka wakaisha. Walipoisha, ng'ombe wakakaa kijitoni Mei hadi Oktoba, wakala mierebi yote ya kingoni mpaka mizizi, kijito kikajichimba chini kikawa korongo ambalo mtu akisimama juu ya farasi ndani yake huoni hata kofia.

Aliyebadilisha mambo ni Thora Wixom, mwenyekiti wa ushirika, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kuamrisha trekta liwake. Miaka minane nyuma alizishawishi familia kumi na moja za ushirika waache ng'ombe kijitoni wiki tatu tu za mwanzo wa kiangazi, kisha wawasukume mlimani kabla jua halijachoma, kijito kipumzike. Walimcheka. Mwaka wa tatu mierebi ilikuwa inafika kifuani, wakaacha kumcheka. Mwaka wa tano akawaleta watu wa wanyamapori na biva sita ndani ya vizimba vya waya, na wale biva wakaanza kuliziba korongo, bwawa baada ya bwawa, na maji yakaanza kupanda kuelekea nyasi. Kijito kilichokuwa kikikauka kila Agosti kikawa kinatiririka mpaka theluji.

Na Lamond? Lamond aliunga mkono. Tena yeye ndiye aliyeandika ile kanuni, kwa mkono wake, kwa kalamu yake: atakayevunja bwawa, au atakayeacha ng'ombe kijitoni wakati kimefungiwa mifugo, mifugo yake haitakanyaga malisho ya ushirika kiangazi kinachofuata. Wakati anaiandika alikuwa anamfikiria Verl Ottley, ambaye alikuwa amesimama kikaoni akasema biva ni panya mwenye cheo.

Kwa hiyo Jumanne ile alilifikia bwawa kubwa la chini, akafunga mnyororo nyuma ya pikapu, akavuta magogo matatu, kisha akaingia na uma wa samadi akachokonoa matope na matawi mpaka ukapatikana mwanya wa upana wa mikono miwili. Maji yalimaliza kazi yenyewe. Yalitoka kwa kishindo, ya kahawia, yamebeba matawi na nyasi na samaki. Lamond alikaa kwenye boneti akala mkate wake wa nyama, akajisikia kama babu yake.

Aliporudi chini, kijito kilikuwa kimefura kinapita kando ya shamba lake kwa makelele. Mfereji wake ulikuwa vile vile. Kifundo cha mguu cha kuku.

Halafu akatembea hadi kwenye lango la mfereji, mahali maji yanapoingilia kutoka kijitoni, jambo ambalo angelifanya asubuhi lingemgharimu dakika sita. Akapiga magoti akaingiza mkono. Akagusa turubai.

Kila mwenye zamu bondeni ana turubai la kukinga maji ndani ya mfereji, limefungwa kwenye fito inayolazwa juu ya mfereji, na kila mwenye zamu anajua kwamba ukimaliza unaling'oa, unalikunja, unalibeba mgongoni kwenda nalo nyumbani. Lamond alikuwa akiwasema watu hadharani kwa kuacha ya kwao. Hili lilikuwa na mabaka mekundu ya rangi ya ghala lake. Aliliacha ukingoni juu ya lango zamu iliyopita, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma na simu ya chakula cha mchana ilikuwa imeita, nalo likaponyoka, likaenda kujikunja ndani ya mdomo wa lango kama kitambaa kooni. Maji yake yalikuwapo wakati wote. Yalikuwa yanampita mlangoni tu.

Alilivuta. Mfereji ukajaa. Luseni ikanywa jioni nzima, na Lamond akalikunja turubai vizuri sana, pembe kwa pembe, kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Angeweza kusema siku ile ile. Alikwenda hata kwenye simu. Lakini simu ilikuwa na mkewe Arvilla anazungumza na dada yake habari za goti, na habari za goti la yule dada huwa ndefu.

Kesho yake Thora akaja mwenyewe, akafungua mlango wa pikapu yake bila kushuka.

"Ndugu Tingey, panda. Nataka macho ya mtu mwenye akili."

Wakapanda hadi kule juu. Pale palipokuwa na bwawa palikuwa na uwanda wa matope unaonuka, na ndani ya vidimbwi vilivyobaki samaki wadogo walikuwa wanahema juu juu. Nyumba ya biva, lile rundo la miti ambalo mlango wake hufichwa chini ya maji, ilikuwa wazi kama kibanda kisicho na mlango. Nyayo za mbweha zilikwenda hadi ndani zikatoka. Njiani kwenye matope palikuwa na manyoya kidogo na mkia mmoja mdogo, mwiko wa kuchezea mtoto.

Thora aliuokota, akaufuta tope kwenye suruali yake.

"Kazaa mwaka huu," alisema. "Nilikuwa nimewaona watatu. Mkubwa kakimbilia juu na waliobaki." Akapiga chafya, au alijifanya amepiga chafya. "Jana nani alikuwa huku?"

Lamond alitazama buti zake.

"Mimi nitakwambia," Thora aliendelea. "Verl. Watoto wa Hadlock walimwona anapanda na pikapu yake saa tatu. Anasema alikuwa anapeleka mawe ya chumvi ya ng'ombe. Chumvi! Mtu aliyewaita hawa panya mbele ya kikao kizima! Unaniona mimi mjinga?"

"Hapana, Dada Wixom."

"Basi niambie. Nani mwingine angefanya hivi?"

Na hapo ndipo Lamond alipotenda lile kosa la pili, ambalo kwake lilikuja kuwa zito kuliko la kwanza. La kwanza alilifanya kwa uma na mnyororo. La pili alilifanya kwa pua.

"Mmh," alisema.

Ndiyo hivyo tu. Hata neno si neno. Lakini Thora alimwitikia kwa kichwa, akasema, "Nilijua na wewe unafikiri hivyo hivyo," akaurusha ule mkia mdogo matopeni. Lamond alifungua mdomo, akaona Thora ameshageuka kuelekea kwenye gari, akaufunga.

*

Habari ilizunguka bonde kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyemtukana Verl. Watu wetu hawatukani. Wanakuwa na shughuli. Jumapili kanisani Verl alikaa kwenye benchi lake, na kila familia iliyopita ikakumbuka kwamba leo wanapenda kukaa mbele. Kwenye meza ya chakula baada ya ibada, penye viazi vya jibini na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani yake ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuacha kuileta, Verl alijaza sahani akajikuta amesimama na ukuta.

Lamond akaenda akasimama naye. Si wema. Miguu ilimpeleka yenyewe.

"Ndugu Ottley."

"Ndugu Tingey! Angalia, utaambukizwa." Verl alikuwa mwembamba, sikio moja limeliwa na baridi ya zamani. Alichoma kiazi kwa uma. "Wewe unajua wewe ndiye mtu wa kwanza leo kunisalimu? Hata mbwa wa mchungaji kanigeuzia mgongo."

"Wanasema tu. Watasahau."

"Watasahau baada ya Jumamosi. Jumamosi wanapiga kura." Akatafuna. "Unajua cha kuchekesha? Ningetaka kuwalipua ningewalipua kwa baruti, kama baba yako. Uma na mnyororo, kama wanavyosimulia? Hiyo ni kazi ya mtu mvivu."

Lamond alicheka, kicheko kikamtoka kikiwa kimeharibika.

"Nina ng'ombe sitini," Verl akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Shamba langu linalisha ishirini na tano, tena nikiwaombea. Nikikosa mlima kiangazi kimoja, nauza. Nikiuza, kwa umri huu sinunui tena. Naenda Boise kukaa kwa binti yangu kwenye chumba chenye mashine ya kufulia." Kisha akamgonga Lamond bega. "Usinisikilize, mzee. Nimekuwekea maboga machanga kwenye pikapu. Yanazaa kama wazimu mwaka huu, hakuna anayetaka kuyapokea kutoka kwangu."

Yalikuwa kumi na manne. Lamond aliyaendesha hadi nyumbani yakigongana nyuma, kila kona yakimsema.

Arvilla alianza kuyakaanga Jumatatu, akayatia kwenye mkate Jumanne, Jumatano akayaweka mbele ya mumewe yamejazwa nyama. Lamond alisukuma sahani.

"Yana nini?"

"Hayana kitu."

"Ni ya Verl."

"Najua ni ya nani, Arvilla."

Mkewe alikaa chini, akapangusa mikono kwa taratibu. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na alikuwa ameziosha buti za Jumanne ile.

"Lamond, sikuulizi. Unanisikia? Nikikuuliza utanidanganya, halafu nitakuwa na mambo mawili ya kukukasirikia na mimi nina goti la dada yangu kichwani. Kula."

Alikula. Boga lilishuka kama soksi.

Wakati huo kijito kilikuwa kinakufa. Ile ndiyo sehemu ambayo mtu wa bonde angepaswa kuijua bila kuambiwa: bwawa likijaa halichukui maji ya mtu, yanayoingia ndiyo yanayotoka, na yale yaliyojificha chini ya nyasi pande zote hutoka polepole kiangazi kizima kama mwenye duka asiyependa kumaliza bidhaa. Lamond alikuwa amelimwaga duka lote mchana mmoja. Ijumaa ya wiki ya pili kijito kilipungua mbele ya macho, na mifereji yote ya chini ikapungua nacho, wa Verl ukiwa wa kwanza kwa sababu babu yake alichelewa kuchimba. Luseni ya Lamond ilirudi kwenye ile rangi ya kijivu. Safari hii hakuwa na haja ya kutazama juu.

Kila siku alijiandalia hotuba. Alimhutubia Thora akiwa kwenye trekta, akamhutubia Verl akiwa chini ya ng'ombe. Zilikuwa hotuba nzuri. Tatizo lao ni kwamba kila moja ilianza na turubai, ikaeleza mgongo ulivyokuwa unauma, ikapita kwa babu na mwaka 1886, na ilipofika kwenye ile Mmh ilikuwa imeishiwa pumzi. Angesamehewa bwawa. Watu wale wote walikuwa wamewahi kuvunja mabwawa. Ila hakuna namna ya kuieleza Mmh. Hakukuwa na maji ndani yake, wala hasira, wala haki ya mtu yeyote. Ilikuwa woga mtupu uliopitia puani.

Na ng'ombe? Alikuwa na mia moja na thelathini. Bila mlima angeuza nusu, wale wa ukoo aliouchagua mwenyewe tangu ndama. Hilo nalo lilikuwa linamnong'oneza, hatulifichi. Lilimnong'oneza kwamba Verl ni mzee, kwamba Boise si mbali, kwamba mashine ya kufulia si kitu kibaya.

*

Kikao kilifanyika Jumamosi saa tisa mchana kwenye ukumbi wa kanisa, ule ambao wavulana huchezea mpira wa kikapu. Viti vya chuma vilipangwa chini ya goli. Familia zote kumi na moja zilikuja. Verl alikaa mstari wa mbele peke yake, amevaa tai. Aliyeona ile tai alitazama pengine.

Thora hakupamba maneno. Alieleza bwawa, samaki, mtoto wa biva. Alieleza pikapu na saa tatu. Akamwuliza Verl kama ana la kusema.

Verl alisimama. "Nilipeleka chumvi. Mawe manne. Yapo pale juu, nendeni mkayaone, labda ng'ombe wamebakisha." Alikaa, halafu akasimama tena. "Na nilisema vile kuhusu panya. Nilisema. Ila mwaka jana kijito kilifika Septemba kikiwa na maji kwangu, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nikaenda nikakaa pale nikaangalia. Sikumwambia mtu. Ningechekwa." Akakaa.

Hadlock alisema, kwa upole kabisa, kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba iliandikwa vizuri.

"Basi," Thora alisema. "Pendekezo ni kwamba mifugo ya Ndugu Ottley isiingie malisho ya ushirika kiangazi kijacho. Wanaokubali, waonyeshe kwa ishara."

Ushirika hupiga kura kama kanisani, kwa mkono wa kulia, na kila jina lililo kwenye hati ya shamba lina mkono wake. Mikono ilipanda. Haikupanda kwa furaha. Ilipanda kama majani yanayosukumwa na upepo mmoja. Lamond alitazama wa kwake ukiwa juu ya goti. Kando yake wa Arvilla nao ulikuwa juu ya goti, umekunjwa ngumi, na Arvilla alikuwa akilitazama goli la mpira kana kwamba linasema naye.

"Wanaopinga, kwa ishara hiyo hiyo."

Thora alisema hivyo huku tayari anageuza karatasi, kwa sababu hayo ni maneno ya kumalizia tu. Hakuna apingaye. Katika miaka yote ya ushirika mkono wa kupinga uliwahi kupanda mara moja, wa mzee Eldredge aliyekuwa kiziwi, akidhani wameuliza nani anataka aiskrimu. Na kwa desturi yetu mkono huo ukipanda kikao kinasimama, na mwenyekiti analazimika kuuliza, mbele ya wote, sababu ni nini. Huwezi kupinga kwa siri. Huwezi kupinga nusu.

Mkono wa Lamond ulipanda.

Viti vya chuma vililia kwa pamoja. Thora aliinua macho, akaweka karatasi chini.

"Ndugu Tingey. Unapinga?"

"Napinga."

"Lazima nikuulize sababu."

"Najua." Alisimama. Hotuba zote zilikuwa zimekimbia, hata babu yake alikuwa amekimbia. "Ni mimi. Bwawa nilivunja mimi. Verl alipeleka chumvi."

Hapo ndipo alipoushusha mkono.

"Nilidhani wamefunga maji yangu. Hawakufunga. Lilikuwa turubai langu mwenyewe langoni, nililiacha." Hapo watu wawili watatu walitoa sauti, maana kwa kuacha turubai wote walikuwa wamewahi kusutwa na yeye. Alingoja imalizike. "Hiyo siyo mbaya zaidi. Mbaya ni kwamba Dada Wixom aliniuliza nani angefanya hivi, tukiwa tumesimama pale pale, nikasema Mmh."

"Ukasema nini?" Hadlock aliuliza kutoka nyuma.

"Mmh."

"Mmh tu?"

"Mmh tu. Ilitosha."

Thora alikuwa amepauka. Lamond alikuwa ametegemea angefoka, na angeshukuru angefoka. Yeye alisema taratibu, "Nilikuchukua wewe kwa sababu nilitaka mtu mwenye akili," na sauti yake yote ya kuwashia trekta ilikuwa imezimika.

Halafu akafanya kazi yake. Pendekezo dhidi ya Verl likafutwa. Akasoma kanuni, maneno ya Lamond mwenyewe, na kila neno Lamond alikumbuka alipokuwa amekaa wakati analiandika. Mifugo ya Ndugu Tingey isiingie kiangazi kijacho. Wanaokubali?

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Arvilla. Wa pili ulikuwa wa Lamond. Ukumbi mzima ukafuata, isipokuwa Verl, aliyekuwa akihangaika kuilegeza tai yake kwa mikono miwili na hakupiga kura upande wowote.

Nje, kwenye maegesho, Verl alimngoja akiwa ameegemea pikapu.

"Ndugu Ottley, mimi..."

"Nyamaza kwanza." Uso wa Verl haukuwa na utani. "Unajua umenifanya nini? Siku kumi na moja. Wananiangalia wote hivyo, nikaanza kujiuliza. Nililipua mengi zamani, na kichwa changu siku hizi kinasahau. Nikawa nasimama kwenye ghala naangalia uma wangu kama una tope. Wewe ulinijia na sahani yako ukasema watasahau. Ukala viazi na mimi."

"Ndiyo."

"Na maboga yangu ukachukua."

"Nilichukua."

"Sijakusamehe," Verl alisema. "Najua tumefundishwa. Nitakwambia ikifika." Akaingia garini.

Lamond aliuza ng'ombe sitini na wanane mwezi wa Oktoba, akiwa amesimama kwenye uzio hadi lori la mwisho lilipoondoka, kwa sababu aliona ndiyo haki yao. Majira ya baridi yalikuwa marefu. Kila Jumapili alipita karibu na benchi la Verl, akainua nyusi kidogo tu, na kila Jumapili Verl alitikisa kichwa. "Bado." Pasaka ilikuja. "Bado." Thora alimsalimu kwa adabu zote, na adabu hizo zilimwuma kuliko ile Bado, kwa maana Bado angalau ina mlango.

Mwezi Juni, wiki tatu za kijitoni zilipokwisha, familia kumi zilipanda kuwasukuma ng'ombe wao mlimani. Walipita mbele ya geti la Lamond na farasi na mbwa na vumbi. Yeye alikuwa anashona uzio, au alikuwa na koleo la waya mkononi. Verl akajitenga na kundi akaja.

"Tumepungukiwa mtu wa nyuma."

"Kanuni..."

"Kanuni inasema mifugo. Wewe uliiandika. Wewe ni mifugo?"

Lamond alifikiri. "Inategemea unamwuliza nani."

Verl alikaribia kucheka, akajizuia. "Panda farasi. Na bado sijakusamehe, usije ukaanza kulia hapa."

Nafasi ya nyuma kabisa ndiyo ya kula vumbi la kila mtu, na hupewa mtoto au mkosaji. Lamond alifunga kitambaa puani akalila kilomita zote. Walipofika kwenye bwawa lililovunjwa, aliona mwanya wake umezibwa nusu na matawi mabichi. Biva walikuwa wamerudi, ila maji yalifika magotini tu, na matope bado yalionyesha mifupa ya mwaka uliopita. Ingechukua miaka. Thora alikuwa amesimamisha farasi wake kando, anawahesabu ng'ombe wanaotoka mierebini, akamwona, akampungia kofia yake kuelekea ng'ambo ya maji bila kutabasamu.

"Tingey! Wale wawili wanarudi kijitoni!"

Aligeuza farasi akaingia majini kuwafukuza.